Mpagazi wa Marangu na mtihani wa zimamoto wa Marekani

Kijana wa Marangu anayepandisha mizigo ya watalii hadi kambi ya Horombo, Mlima Kilimanjaro, ana nusu ya kazi ya zimamoto tayari miguuni. Nalisema hili nikiwa Maryland, nilikohamia kutoka Moshi, na ambako nimejiunga na kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha mji wetu mdogo. Ndiyo, cha kujitolea. Wazimamoto walio wengi Marekani hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo; ni mafundi bomba, walimu, madereva wa malori, watu wanaoacha chakula mezani wakiitwa. Nikilieleza hili nyumbani wananicheka: Mmarekani afanye kazi ya bure?

Anayetaka ajira ya kulipwa, idara nyingi humpitisha kwanza kwenye mtihani wa mwili uitwao CPAT. Vituo 8 mfululizo, dakika 10 na sekunde 20, basi. Unavikwa kizibao chenye uzito wa karibu kilo 23, helmeti na glavu. Unaanza na ngazi za mashine, na hapo unaongezewa uzito mabegani ufike kilo 34: dakika 3, hatua 60 kila dakika, na ukishuka kabla ya muda umefeli. Ukimaliza miguu inatetemeka, na bado kuna kuvuta mpira wa maji, kubeba misumeno, kusimamisha ngazi, kupiga nyundo ya kilo 4 na nusu mpaka mlango ukubali, kutambaa kwenye handaki lenye giza na kona, kuburuta sanamu la kilo 75, kisha kusukuma na kuvuta dari kwa mti mrefu wenye ndoano. Kutoka kituo hadi kituo unatembea, kukimbia marufuku.

Sasa mchukue mpagazi wetu. Kikomo chake ni kilo 20 za mzigo wa mgeni, mbali na begi lake mwenyewe, na anakwenda nazo hadi zaidi ya mita 3,700, hewa ikiwa nyepesi. (Anayekwenda pole pole ni mtalii. Mpagazi lazima awahi kambini, mgeni akute hema limeshasimama.) Kwa hiyo kwenye ngazi simhofii hata kidogo. Namhofia kwenye dari. Mikono iliyokwisha choshwa na mpira, nyundo na sanamu ndiyo inayoitwa tena mwishoni, na kubeba kwa kichwa na mgongo hakumfundishi mtu kuvuta kwenda chini. Handaki nalo lina mambo yake. Nimeona majitu yenye vifua vya kutisha yakigoma kuingia gizani.

Ila ugumu si jambo linalonivutia kwenye mtihani huu. Linalonivutia ni kwamba haujifichi. Kilo, umbali na dakika vyote vinajulikana, na katika wiki 8 kabla ya siku yenyewe mwombaji huruhusiwa kuja kuvishika vifaa na kujipima kwa saa. Mwanamume au mwanamke, mrefu au mfupi, mzigo ni ule ule. Kwetu tangazo la ajira ya konstebo wa zimamoto humpima kijana kwanza kwa umri, cheti cha kidato cha nne na urefu. Kazi yenyewe anakutana nayo akishakuwa kuruta, katikati ya kwata na mchakamchaka. Sisemi askari wetu hawafundishwi. Chuo kipo Chogo, kule Handeni. Nasema binti wa Kiboriloni aliyepungukiwa na inchi mbili hatapata hata nafasi ya kuonyesha kwamba anaweza kumtoa mtu mzima chumbani. Wapo watakaonijibu kwamba jeshi ni jeshi. Sawa, lakini moto haumuulizi mtu kimo.

Baada ya mtihani ndipo yanakuja mafunzo, na kwetu sisi wa kujitolea huwa ni jioni na wikendi, kwa miezi. Unajifunza kuvaa mtungi umefumba macho (ndani yake ni hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, si oksijeni kama watu wanavyodhani, na ukihema ovyo inakwisha mapema). Unajifunza mafundo ya kamba, huduma ya kwanza, kukaa chini ya moshi. Lakini somo linalonirudisha Moshi kila mara ni la kuvunja na kuingia. Huku nyumba nyingi ni za mbao na madirisha yako wazi. Mitaa ya Moshi kama Pasua na Soweto kila dirisha lina nondo, kwa hofu ya wezi, na geti lina kufuli juu ya kufuli. Watu wa Kilimanjaro wa rika langu hatujasahau Juni 1994, bweni la shule ya Shauritanga kule Rombo lilipoungua na wasichana 42 kufa. Sebule yenye sofa za sponji inaweza kulipuka yote ndani ya dakika chache. Hata ukipiga 114, namba ya zimamoto, papo hapo, hadi gari lifike majirani ndio kikosi cha kwanza, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kung'oa nondo kwa mtaimbo.

Tulio nje tuna utani mmoja mbaya, ule wa gari la zimamoto kufika bila maji. Umenichosha. Hata gari la huku, mpira ukifunguliwa sawasawa, tenki halidumu. Mjini tunaunganisha na bomba la barabarani, na mashambani ambako halipo tunafyonza bwawa. Shida ya Moshi ni hilo bomba, na vibanda vilivyojengwa njiani. Kumcheka askari hakusaidii.

Na kujitolea tusiseme ni utamaduni wa wazungu. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro ulipowaka, walipanda mamia: askari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wanavijiji, wengi wakipiga moto kwa matawi ya miti. Nguvu walikuwa nazo, vifaa hawakuwa navyo. Hapo ndipo ningemshauri kijana asiione kazi hii kama sifa tu: Marekani karibu nusu ya vifo vya wazimamoto kazini husababishwa na moyo, na mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka kazi hii kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani. Sisi huku tukiumia tuna bima. Anayepanda na tawi hana.

Kwenye magrupu yetu linarudi kila mara wazo la kuchangishana tununue gari kuukuu la zimamoto, lisafirishwe kwa meli hadi Dar. Mimi sitachanga, likiharibika, spea zitatoka wapi? Hela hiyo inunue sanamu la kilo 75, mipira, mitaimbo na glavu kwa kata moja kwanza, na askari wa kituo cha Moshi aombwe Jumamosi moja moja awafundishe bodaboda, ambao ndio hufika kabla ya wote. Desemba nitakuwa nyumbani kama Wachagga wengine. Jukwaa la Uwanja wa Ushirika, pale Moshi, lina ngazi za kutosha kwa dakika 3. Anayetaka kunibishia kuhusu wapagazi aje na begi lake la kilo 34.