Somo zuri, maji mengine

Muuguzi wa zahanati moja kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, alinionyesha somo la kichocho alilolipakua kwa bando la wiki nzima. Michoro safi, nembo ya chuo cha Ulaya, maswali ya kujipima, na cheti juu yake. Ukurasa wa tatu unasema dalili kuu ni mkojo wenye damu. Akacheka: "Hapa kwetu mtu akikojoa damu tunamuuliza kwanza anatoka wapi."

Ufukweni mwa Ziwa Victoria kinachotawala ni kichocho cha tumbo: kinyesi chenye damu, ini na bandama kuvimba. Cha mkojo kiko zaidi mbali na ziwa, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, maana konokono wanaobeba vimelea vyake ni wengine. Somo halikudanganya. Lilizungumzia maji mengine.

Ndiyo maana ule wimbo wa semina, "tumieni vyanzo vya kuaminika", haunitoshi. Si kwamba ni mbaya. Anayetafuta kipimo cha praziquantel, dawa ya kichocho, yaani miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, aende Shirika la Afya Duniani, asiulize kwenye kundi la WhatsApp. Mwongozo wa shirika hilo wa 2022 unapendekeza kwamba maambukizi yakifika asilimia 10 katika jamii, dawa ya kinga itolewe kila mwaka kuanzia umri wa miaka 2 hadi watu wazima, wakiwemo wajawazito waliovuka miezi mitatu ya kwanza. Bango linalozunguka kwenye simu zetu bado linawataja wanafunzi peke yao. Halina tarehe wala mwenyewe. Mvuvi, anayeshinda majini, hayumo.

Ila Kiswahili cha bango hilo kinaeleweka, na hilo si jambo dogo. Mabango yatokayo nchi za nje yanaagiza "epuka kugusa maji ya ziwa". Haya, mwambie hivyo mama anayesugua masufuria mwaloni, au kijana anayevua dagaa usiku kucha. Ataitikia kwa adabu, na kesho utamkuta humo humo.

Wala chanzo kuwa cha nyumbani si dhamana. Utafiti wa vijiji vya Mwanza uliochapishwa 1995 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Ule wa Rakai, Uganda, uliotoka 1999, ulitibu watu kwa halaiki na haukuona upungufu huo. Mbinu zilitofautiana, na janga lilikuwa limefika hatua nyingine. Aliyesoma mmoja tu ameondoka na nusu ya kisa, hivyo ni afadhali aanzie kwenye mapitio ya Cochrane, yanayopima tafiti za swali moja kwa pamoja.

Muuguzi yule cheti alikichukua; kwenye leseni kitamfaa. Ukutani kabandika karatasi ya mkono wake: "Dawa ya kichocho ni ya baba pia." Chini, kwa kalamu nyekundu, ameandika mwaka.