Dini ama imani? Yale niliyoyaona matangani kwetu

Wiki mbili zimepita, nilikuwa kwa matatu hapo stejini Kisumu tunangoja ijae twende Kakamega, makanga akamshusha mzee mmoja juu ya shilingi hamsini. Mzee ako na gunia lake la omena, anasihi tu. Mama mmoja nyuma akasema, "Kijana, kwani wewe huna imani?" Na kijana akamjibu saa hiyo hiyo, "Mama, mi niko kanisani kila Jumapili, usiniambie mambo ya imani." Mama akalipa hiyo hamsini, mzee akarudi ndani, tukaenda.

Hayo majibizano hayajanitoka mpaka leo, kwa sababu hawa wawili walikuwa wanaongea vitu viwili tofauti na neno ni lile lile. Kwa Kiswahili chetu ukimwambia mtu hana imani humaanishi hajabatizwa, unamaanisha hana huruma, anaweza kuona mtu anaumia na apite. Kijana yeye alisikia dini, na dini ina siku yake na mahali pake, hata serikali inajua kuihesabu, kwa sensa ya 2019 tuliulizwa dini na watu zaidi ya 750,000 walisema hawana yoyote. Imani hakuna karani anaweza kukuuliza mlangoni akaandika.

Wengi wa rika langu wameshaamua. Wanasema dini ni mambo ya watu, imani ni mambo ya Mungu na mimi, basi. Na mi nilikuwa hapo miaka mingi, nina sababu.

Anko yangu alipofariki, kanisa lake lilikataa kumzika mpaka kadi ya zaka ilipwe. Alikuwa na miaka mitatu nyuma, na hiyo miaka mitatu alikuwa mgonjwa, na wao walijua kwa sababu kuna wenye walikuja kumwona. Tuliambiwa deni ni deni. Baadaye nikajua dini na deni ni maneno yametoka kwa mzizi mmoja wa Kiarabu, na siku hiyo pale bomani, mwili uko ndani, hema imekodishwa, shangazi analia akitafuta risiti kwa sanduku, hakuna mtu angenishawishi kwamba dini ni kitu kingine zaidi ya deni. Nilikasirika hasira ambayo bado naisikia nikiandika hii.

Lakini lazima nimalize hiyo hadithi yote, na hapo ndipo msimamo wangu ulianza kuyumba. Wenye walimzika ni majirani wa Israel, yaani kanisa la African Israel Nineveh, wale wa kanzu nyeupe na ngoma. Walikuja alfajiri wakiwa kama thelathini, na bendera yao, kila mtu anajua nafasi yake, nani anaimba na nani anaomba, akina mama wao wakaingia jikoni moja kwa moja bila kuuliza sufuria ziko wapi. Anko hakuwa wao. Hakuna mtu aliuliza kadi. Nikajiuliza, hii nayo ni nini? Huruma ilikuwepo, ndiyo, ni imani kabisa, lakini huruma peke yake haiwezi kuamsha watu thelathini saa kumi na moja asubuhi na ngoma. Kilichowaleta pamoja ni dini yao, ile mipango na sare na mazoea tunayosema hayana maana.

Na makanisa kama hilo la Israel ukiangalia historia yametoka wapi? Wamisheni Wakwekeri (Quakers) walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, 1902, watu wasiobatiza kwa maji na wasiokula mkate na divai, kwao ya ndani ndiyo muhimu. Ungedhani hiyo ni imani tupu. Lakini 1927 baadhi ya waumini wao huko huko Kaimosi waliposhukiwa na Roho, wakaomba kwa sauti na kutetemeka, hawakukubaliwa, na makanisa ya Roho yakazaliwa hapo. Mhubiri Zakayo Kivuli naye akatoka kwa wamisheni wa Kipentekoste 1942 akaanzisha Nineveh. Kila mara imani inakosa nafasi, inatoka, na ikishatoka inashona kanzu yake. Sijaona hata moja iliyobaki bila nguo.

Rafiki yangu wa Mumias, Mwislamu, aliniambia kwao hii ni habari ya kale, iko kwa Kurani sura ya 49, Mabedui walisema tumeamini wakaambiwa hamjaamini bado, semeni tumesilimu, imani haijaingia mioyoni mwenu. Nikamwambia sasa si hiyo inaonyesha dini ni bure? Akasema hapana, soma vizuri, hawakufukuzwa, na aya inaendelea inasema wakitii hawatapunguziwa kitu. Walikuwa mlangoni tu. Sikuwa na jibu.

Alafu kuna Shakahola, 2023, pale wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa kwa ule msitu wa Kilifi. Watu husema hiyo ndiyo dini, ona inavyoua. Mi naiona kivingine na najua wengi watakataa. Wale watu walikuwa na imani kubwa kuliko yangu, waliuza mashamba, waliacha kazi, wakafunga kula na watoto wao. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kiongozi hapana, mzee wa kanisa, sinodi, baraza, hata kamati ya hesabu yenye maswali ya kuudhi. Kamati kama ile iliyomkatalia anko yangu kaburi, na hilo linaniuma kulisema.

Kwa hivyo sijarudi upande wowote mzima mzima. Kanisa likiweka risiti mbele ya maiti limekosea, sitabadilisha hapo, na Yakobo ameshasema dini safi ni kuwatazama yatima na wajane, na mjane alikuwa ndani ya nyumba. Lakini pia nakumbuka kukhu, yaani nyanya yangu, 2020, wakati wa korona, makanisa yalipofunguliwa Julai watu 100 na saa moja tu, na wenye wamepita miaka 58 wakae nyumbani. Kukhu alikuwa anaomba kila siku peke yake, imani yake haikupungua. Shida yake ilikuwa nyimbo. Ubeti wa tatu ulikuwa unampotea, kwa sababu miaka arobaini aliukumbuka kwa kumsikia yule mama wa kando yake kwa benchi. Mwishowe walikuwa wanaimbiana juu ya ua, kila mmoja kwake.

Mwezi jana nimeandikia kamati ya kanisa letu barua, naomba kadi isiulizwe siku ya mazishi, iulizwe mtu akiwa hai na anaweza kujibu. Bado hawajanijibu. Jumapili nitaenda, nitakaa pale pale, na nitauliza tena.