Herufi nene za pembe: Je, ni "za Kiafrika"?

Mwenye mgahawa au kikundi cha ngoma akienda kuagiza bango Dodoma mjini, fundi hakawii kumwonyesha herufi nene, fupi, zenye pembe kali kama zimechongwa kwa panga. Anaambiwa hizo ndizo za Kiafrika.

Fonti hiyo, au ndugu zake walioiga sura yake, ni Neuland. Ilitoka mwaka 1923 mikononi mwa Rudolf Koch, Mjerumani aliyefanyia kazi kiwanda cha herufi cha Klingspor mjini Offenbach. Koch hakuanza na mchoro wa karatasi. Alichonga herufi za kila saizi kwenye chuma moja kwa moja, ndiyo maana saizi moja haikufanana kabisa na nyingine. Herufi ndogo haina. Afrika ilibandikwa baadaye, na wachapaji wa nje waliozitumia kwenye majalada na matangazo ya safari za mwituni hadi macho yakazoea.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Alfabeti yenyewe tumeipokea kutoka nje, na hatuoni haya kuandikia Kiswahili. Isitoshe, kazi inafanya: dereva anayeingia Nzuguni, ukingoni mwa Dodoma, akitokea Morogoro, jua la alasiri likimpiga usoni na vumbi limetanda, ataliona neno ZABIBU kabla hajalifikia genge. Herufi nyembamba ingemezwa na mwanga, au ingefifia kwenye turubai kabla ya mwaka kwisha. Kwa neno moja au mawili ya kuonekana mbali, nakubaliana nao kabisa.

Lakini maneno yetu ni marefu. Andika TUNAWAKARIBISHA WATEJA WETU WOTE kwa fonti hii uone: neno halina kichwa wala mkia, linakuwa ukuta. Tarakimu ndiyo hatari zaidi. Matundu ya 6 na 8 yakiprintiwa madogo hujaa wino, na mteja anapiga namba isiyo yako. Tangazo la zahanati, ratiba ya mabasi, maelezo ya dawa ya mifugo: huko isiguse.

Kinachoniuma hasa ni lile jina "za Kiafrika". Nenda Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Utakuta watu warefu, wembamba, wa mistari myekundu, laini kama nywele. Michoro myeupe ya baadaye ni minene, kweli, ila hiyo nayo haina pembe za patasi. Mkono wa watu wa eneo hili haukuwahi kuwa mmoja, na hakuna pale unaofanana na wa Koch.

Kwa hiyo kikundi cha ngoma kiandike jina lake kwa herufi nene kikitaka, na chini yake tarehe, kiingilio na mahali viwe kwa herufi za kawaida, kubwa na ndogo. Ugogo wenyewe, yaani asili ya Wagogo wa Dodoma, uonyeshwe kwa picha ya zeze. Na kijana wa usanifu atakayeanzia kwenye ile mistari ya Kolo, akachora herufi ndefu na nyembamba za kichwa cha habari, bango lake la kwanza nitalilipia mimi.