Mweka Hazina, Sifuri Yangu Inaenda Wapi?

Uweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yangu nilipewa kwa sifa moja tu: "Huyu ana kompyuta." Hakuna aliyeuliza ndani ya hiyo kompyuta kuna nini.

Kuna Emacs. Kwa asiyeijua, ni programu ya kuandikia iliyozaliwa chuo cha MIT kule Marekani mwaka 1976, na hii yangu, GNU Emacs, mwanaprogramu Richard Stallman aliitoa 1985. Kuandika lakini ni kisingizio. Ukijua kidogo Lisp, lugha ya kuipa kompyuta maagizo, unaigeuza utakavyo, hata ikiwa inaendelea na kazi. Barua pepe nasomea humo, mafaili napangia humo, hesabu za luku na za sokoni humohumo. Mke wangu anasema ingejua kupika, yeye angeshaachika.

Basi michango nikaiweka kwenye jedwali la Org, sehemu ya Emacs ya kupangia mambo: jina, ahadi, alicholipa, salio. Ukibonyeza Tab safu zinajinyoosha zenyewe, na jumla inajipiga kwa fomula. Carsten Dominik, mwanaastronomia aliyeanzisha Org mwaka 2003, sidhani kama alikuwa na bajeti ya pilau akilini, ila kazi inafanya.

Kikao cha kulipia ukumbi kilifanyika kwa mjomba, Tabata. Nikaunganisha kompyuta na runinga yake kubwa ili kila mtu ajionee. Shangazi akawa anasoma majina kwa sauti, akifika kwenye salio anatulia kidogo, na mwenye jina anaanza kutafuta simu iliyo mkononi mwake. Halafu ukazuka ubishi wa keki, iwe ya ghorofa ngapi. Waliowahi kukaa kamati wanajua ubishi wa keki hauishi leo. Kompyuta ikakaa bila kuguswa.

Sasa, Emacs ina kitu kinaitwa zone. Nilishaweka mstari mmoja kwenye faili la mipangilio: kibodi ikikaa kimya muda fulani, zone ianze kuyachezea maandishi yaliyo kwenye skrini. Haifuti chochote, inavuruga nakala tu. Mitindo ya kuvuruga iko mingi na inajichagulia yenyewe. Siku hiyo ikachagua kudondosha.

Kwanza ikaanguka herufi ya jina la mjomba, taratibu, mpaka chini ya skrini. Hakuna aliyeona. Ikafuata sifuri ya mchango wake.

"Mweka hazina," mjomba akasema, keki kaisahau, "sifuri yangu inaenda wapi?"

Kabla sijajibu ikashuka nyingine. Laki tano ikawa elfu tano.

"Virusi!" Shangazi akachomoa waya wa runinga. Kompyuta yenyewe ikaendelea kumwaga majina kama mwembe uliotikiswa. Kijana mmoja aliyesomea mambo ya kompyuta muhula mmoja akashauri tupige fomati. Shemeji, ambaye hajatoa hata mia, aliona tarakimu za deni lake zikiporomoka akasema jamani tusiwe na haraka, tuiache imalize.

Dawa yake ni kubonyeza kitufe, chochote. Nikanyoosha mkono, mjomba akaudaka. "Usiguse! Unataka kufuta ushahidi?" Wengine walishaanza kurekodi video kwa ajili ya grupu la ukoo. Nikaeleza kwamba ni nakala, kwamba hela ziko salama. Mweka hazina akisema hela ziko salama huku namba zinaanguka nyuma yake, nani atamwamini?

Aliyeniokoa ni mjukuu wa mjomba, hata shule hajaanza. Alipita zake na andazi, akapiga kibodi kofi. Majina yote yakarudi mahali pake, na chini kabisa ukatokea ujumbe wa Kiingereza wa kuomba radhi, maana zone ikikatizwa huwa inasema samahani.

Mjomba akavaa miwani, akausoma. "Inaomba msamaha. Kwa hiyo kosa lipo."

Ikaletwa kauntabuku. Tukahesabu upya kwa kalamu, jina kwa jina, risiti kwa risiti, mpaka chai ikapoa. Jumla ikalingana na ya Org hadi shilingi ya mwisho. Mjomba akaguna tu, akarudi kwenye keki.

Wakati naviringisha waya, shangazi akanisogelea, akainamisha sauti.

"Mwanangu, hiyo ya kudondosha, unaweza kuifanya iwaangushe wale wasiolipa tu? Tuiwashe siku ya harusi, pale ukumbini."

Nikamwambia naweza, ni mistari michache tu ya Lisp.