Penseli Pembeni mwa Maandiko

“Biblia si daftari.” Kauli hii utaisikia makanisani Dodoma, mara nyingi kutoka kwa mzee wa kanisa aliyemwona kijana amefungua Biblia iliyopakwa njano, kijani na waridi mpaka inafanana na kitenge. Vijana humcheka chinichini kwamba anaabudu karatasi. Wanamwonea. Mzee huyo amekulia nyumba yenye Biblia moja: ndiyo iliyosomwa jioni, ndiyo iliyokwenda shule ya Jumapili, na zamu ya somo ikifika ndiyo iliyobebwa. Alama za mmoja zingekuwa mzigo wa wote. Tena historia iko upande wake. Mfalme James wa Uingereza aliichukia Biblia ya Geneva ya 1560 kwa maelezo yake ya pembeni, akiona yanawafundisha raia ukaidi; tafsiri aliyoiagiza, ile ya 1611, ikatoka bila maelezo ya namna hiyo. Chama cha Biblia kilichoanzishwa London mwaka 1804 nacho kilijifunga kusambaza Maandiko matupu, ili kila dhehebu liyasome bila kusukumwa.

Ila hiyo ni hoja ya mchapaji. Anayechapa kwa ajili ya watu wote hana ruhusa ya kuwawekea maneno yake. Mimi ninapojiandikia kwenye nakala yangu, namsukuma nani?

Na hapa ndipo wanaoandika pembeni mwa Biblia zao hawaeleweki. Vitabu vya ufafanuzi wa Biblia kwa Kiswahili ni vichache mno ukilinganisha na vya Kiingereza. Mwanafunzi wa theolojia pale St Philip's, Kongwa, ana wahadhiri na maktaba. Mama anayeuza zabibu Chamwino, ambaye keshokutwa ni zamu yake kuongoza jumuiya, ana Biblia na anachokumbuka basi. Ile nafasi nyembamba kando ya mistari ndiyo maktaba yake.

Nimewahi kuona Biblia ya mama wa namna hiyo, Union Version ya maandishi madogo, jalada limeshikizwa kwa gundi. Kwenye 1 Wafalme 17 mjane wa Sarepta anamwambia Eliya kwamba amebakiwa na konzi ya unga. Anaokota kuni mbili apike, ale na mwanawe, kisha wafe. Pembeni, kwa penseli, neno moja: Mtunya. Ndiyo ile njaa kuu ya Ugogo ya miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na mvua nayo ikakosekana. Hakuna mfafanuzi wa ng'ambo ambaye angeliweka neno hilo pale. Jumuiya nzima ya Wagogo ikilisikia likisomwa, haihitaji kuelezwa kuni mbili zina maana gani.

Wanaoogopa onyo la Ufunuo 22:18 kuhusu kuongeza maneno watulie. Namba za mistari wanazozitaja kila Jumapili aliziweka mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, kwenye Agano Jipya la 1551, na Kumbukumbu la Torati 17 inamwagiza mfalme mwenyewe ajiandikie nakala ya torati, aisome siku zote za maisha yake.

Kinachonisumbua ni rangi. Fungua Biblia ya kijana yeyote mwenye kalamu za rangi, nenda Yeremia 29. Mstari wa 11 unang'aa: mawazo ya amani, wala si ya mabaya. Panda mstari mmoja juu, karatasi nyeupe. Huko juu ndiko Bwana anakosema miaka sabini ya Babeli itimie kwanza. Sura ile ni barua kwa waliohamishwa Babeli, na mtu mzima aliyesomewa alijua atazikwa ugenini. Mstari wa 5 ulimwambia ajenge nyumba, apande bustani, ale matunda yake. Tumaini lile lilikuja na jembe mkononi na ngoja ngoja ya kizazi kizima, na rangi imeviondoa vyote viwili bila kufuta herufi hata moja. Ubaya ni kwamba jicho likishazoea hurukia linapopajua. Wafilipi 4:13 nao uko hivyo hivyo: “nayaweza mambo yote” imepakwa, njaa ya mstari wa 12 imeachwa. Miaka ikipita, mtu ana Biblia ya mistari mia mbili, na mingine yote ipo kujaza jalada. (Sitaji karatasi yenyewe, nyembamba hivyo kwamba rangi hutokea upande wa pili na kuangukia mistari ambayo hakuna aliyeikusudia.)

Rangi inajua kusema “nimeupenda” tu. Penseli inaweza kusema “sielewi”. Yule mama, kando ya mwana mpotevu katika Luka 15, ameuliza: mama yao yuko wapi? Hajapata jibu, na kila akipita hapo anasimama tena. Huko ndiko kujifunza, kuliko kurasa zilizopambwa zikapigwa picha za kuweka status.

Biblia ya mimbarani iachwe ilivyotoka kiwandani. Hapo wazee wako sahihi, maana msomaji wa Jumapili ijayo hajaomba kuonyeshwa pa kukazia sauti. Yako andika. Na atakayeongoza jumuiya kwenye Yeremia 29 aanzie mstari wa kwanza, unaotaja barua ile iliandikiwa akina nani.