Januari ya Siku Sitini

Wacha niwaambie kitu ambacho hakimo kwenye kalenda yoyote ya ukutani. Uganda Januari haina siku 31. Januari yetu inaanza pale watoto wanafunga shule mwanzoni mwa Desemba na inaisha siku ile geti ya shule inafunguliwa Februari, na hapo katikati wakaweka Krismasi na Mwaka Mpya, na aliyezipanga hivyo nadhani hakuwa na mtoto hata mmoja. Mimi nahesabu siku sitini na kitu. Siku sitini za watoto wanne, ongeza wawili wa dada yangu walioletwa kusalimia tarehe 10 Desemba na mpaka leo bado wanasalimia. Na mtoto wa likizo hali kwa saa, bana, anakula kwa kupita. Akipita jikoni kwenda chooni anakula, akirudi kutoka chooni anakula tena, ukimuuliza anasema alikuwa anaangalia kama moto umezima.

Mimi kazi yangu ni kubadilisha pesa hapa Busia, upande wa Uganda. Nakaa kwenye kiti cha plastiki, za Kenya mfuko wa kushoto, za Uganda wa kulia, kikalkuleta mkononi, mtu akishuka kwenye basi namtajia reti kabla hajafungua mdomo. Mamilioni yanapita kwenye vidole hivi, si yangu lakini yanapita. Ndiyo maana tarehe 2 Januari mke wangu alipoleta daftari la kurasa 96 akaandika juu yake BAJETI nilicheka sana. Nikamwambia Mama Nabwire, pesa unanifundisha mimi? Mimi? Hakunijibu. Akachukua rula ya mtoto akapiga mstari. Sasa mwanamke akianza kupiga mistari kwa rula, ujue kuna mtu ndani ya nyumba hiyo ataumia, na watoto walikuwa wamelala.

Nikachungulia ule ukurasa wa kwanza. Unga wa posho, maharagwe, mukene (dagaa wetu), makaa, Yaka ya umeme wa kulipia kabla, sabuni, sukari, karo, dawa ya panya. Halafu chini kabisa, baada ya dawa ya panya, ameandika "Baba Nabwire". Yaani mimi. Kichwa cha nyumba nimeingizwa kwenye matumizi, tena panya amenitangulia.

Hiyo safu yangu ilikuwa na shilingi elfu tano kwa jioni, za kukaa na wenzangu pale kibandani kwa chupa moja na stori. Akakata akaweka mia tano. Nikauliza mia tano nitanunua nini, akasema utanunua stori. Baba yangu huwa anatusimulia jinsi mwaka 1987 serikali ilibadilisha pesa ikatoa sifuri mbili, shilingi mia moja ya zamani ikawa shilingi moja mpya, na juu yake wakakata asilimia 30, watu walilala na gunia la pesa wakaamka na bahasha. Sasa ndio naelewa uso wa mzee akifika hapo kwenye hadithi. Mama Nabwire alitoa sifuri moja tu, nashukuru.

Halafu kukaja mambo ya sukari. Alichukua mtungi wa plastiki unaoonyesha ndani, akabandika plasta ya kidonda kutoka juu mpaka chini, akaandika kwa biro siku za wiki, Jumatatu juu karibu na kifuniko, Jumapili huko chini kabisa. Jumapili jioni anajaza, na sukari ikishuka inatakiwa ishuke pamoja na siku. Watoto wakaona ni mchezo mzuri. Jumatatu ya kwanza, saa moja ya usiku, nikapiga tochi ya simu kwenye mtungi, sukari ilikuwa Jumatano tayari. Ikaitwa baraza, watoto sita wamejipanga ukutani, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na mimi nimekaa kwenye kiti nimekunja uso wa hakimu. Ukweli wenyewe ni kwamba ile siku nzima ya Jumanne nilikuwa nimeilamba mimi, kijiko kwa kijiko, usiku, gizani, kwa sababu chai ya mchana ilikuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Na sisi tuko Uganda, nchi yenye viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, miwa imejaa barabara nzima ya Jinja, halafu mtu mzima analamba sukari kama mwizi kwake mwenyewe.

Kwenye sabuni sina neno. Alikata ile sabuni ndefu kwa uzi, akaushika ncha mbili, akauvuta polepole, vipande vikaanguka sawasawa kama vimepimwa kwa mashine, kumi na viwili, havina hata unga. Nilisimama pale mlangoni nikaangalia mpaka mwisho. Pale nilianza kuogopa.

Nikaamua na mimi nionyeshe kwamba najua kubana. Nikaanza na Yaka. Majumbani yuniti 15 za kwanza za kila mwezi zinauzwa shilingi 250 kila moja, ukipita hapo bei inapanda karibu mara tatu, basi nikatangaza kwamba nyumba hii itaishi na yuniti 15, hakuna televisheni baada ya taarifa, hakuna pasi ya umeme. Nikatoa pasi ya makaa ya marehemu bibi kutoka juu ya kabati. Inapiga vizuri sana ile pasi, haina shida, shida ni kwamba ina tundu kwa nyuma na kaa moja likatoka likakaa kwenye suruali yangu ya kazi, hapa pajani, likakaa tu likitulia. Kwenye daftari kukaandikwa: suruali ya mtumba, 15,000, Baba Nabwire.

Na viatu wacha nipite haraka. Nilitembea siku tatu kuokoa elfu moja ya boda, soli ikaachia, fundi akachukua elfu nne, na hapa mpakani ndipo watu walipoanza kubebana kwa baiskeli mpaka jina boda boda likazaliwa, kwa hiyo hata mababu zetu walijua kwamba kutembea ni hasara.

Sasa makaa. Tulikuwa tunanunua ya kupima, kopo la elfu mbili kila siku, mimi nikapiga hesabu nikaona gunia zima linatuokolea. Nikalipata kwenye lori, limejaa mpaka juu, na pale juu makaa makubwa yamepangwa vizuri yamefungwa na nyasi kama kofia. Nikaongea bei nikashusha elfu tano, nikajipongeza njia nzima. Mama Nabwire alifungua, akatoa yale makubwa ya kofia, akaingiza mkono, akautoa mweusi mpaka kiwiko. Chini ya kofia ni vumbi. Vumbi, na jiwe moja, jiwe kabisa, kubwa kama kichwa cha mtoto, sijui liliwekwa la kazi gani, labda gunia lisipeperuke. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Nabwire, umenunua usiku."

Basi Jumapili yote nilikaa uani nafinyanga. Unachanganya vumbi la makaa na udongo wa kichuguu na uji wa muhogo ushikane, unatengeneza mabonge kama mandazi, unaanika kwenye bati, yakikauka yanawaka polepole na yanakaa sana, maharagwe yanaiva vizuri. Hiyo ni akili nzuri sijakataa. Lakini ule weusi hautoki kwa kipande kidogo cha sabuni cha kukatwa na uzi! Jumatatu nimekaa mpakani, akashuka mama mmoja mzito kutoka basi la Nairobi, anataka kubadilisha elfu ishirini za Kenya, mteja wa kwanza wa maana tangu mwaka uanze. Nikamhesabia noti zake. Akaziangalia, kila noti ina alama ya dole gumba langu nyeusi, akainua moja kwenye jua, akauliza, "Hizi pesa mmezitoa kwa moto?" Akavuka akaenda kiti cha jirani. Huyo jirani yangu ana mikono misafi kwa sababu hajaoa.

Lakini hayo yote ni mchezo, kaburi lenyewe ni karo. Kila nikisoma ile karatasi ya mahitaji naona giza: karo, halafu rimu ya karatasi, fagio la ndani na fagio la nje, jembe, sukari, na karatasi za choo, mtoto mmoja rola kumi, yaani ukijumlisha rola nilizopeleka tangu wa kwanza aanze ile shule ingefungua duka. Msiniambie shule za bure, nazijua, mimi mwenyewe ni mtoto wa UPE, ule mpango wa serikali wa elimu ya msingi ya bure. Niliingia P1, darasa la kwanza, mwaka 1997, mwaka ule ule ilipoanza, na wakati huo walisema watoto wanne kwa kila familia. Sisi kwetu tulikuwa saba na mimi nilikuwa wa tano. Mzee alikaa chini ya mwembe na majina yetu siku mbili, akapata suluhisho, mimi nikaandikishwa kama mtoto wa shangazi. Miaka yote saba nikiitwa jina la ukoo wa shangazi nilikuwa nachelewa kuitika. Ile ndiyo ilikuwa bajeti, mzee hakuwa na daftari wala rula.

Sasa hela ya karo ya kwetu tulikuwa tumeianza mapema. Mama Nabwire yuko kwenye kikundi cha akina mama, wana lile sanduku la kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, wanaweka mwaka mzima wanagawana Desemba. Alipogawiwa akaniletea akasema wewe ni mtu wa pesa, iweke kwenye mtaji wako izunguke mpaka Februari, lakini mwisho wa siku iwepo. Nikaibadilisha kuwa shilingi 14,000 za Kenya kwa reti ya 28, yaani shilingi moja ya Kenya kwa 28 za Uganda. Yeye akafungua daftari akaandika 392,000, na pembeni akaandika hata reti. Wakati ule sikuona umuhimu wa hiyo reti.

Kumbukeni shule za Kenya zinafungua mwanzoni mwa Januari. Jumapili ile kabla hazijafungua shemeji yangu, ndugu ya Mama Nabwire, akavuka kutoka ng'ambo, amevaa shati la kanisani, hakunifuata nyumbani, alinifuata kazini. Akasema, "Shemeji, nyinyi shule zenu ni Februari, hiyo pesa si imelala tu? Mimi mtoto wangu anaingia kesho. Tarehe 25 nakurudishia, hata wewe hutajua ilitoka." Nikaangalia hiyo hesabu nikaona haina kasoro. Pesa yetu inalala, pesa yake inahitajika, mwezi wao na mwezi wetu haukutani. Nikampa zote 14,000. Sikumwambia mwenye ndugu yake, kwa sababu mwenye ndugu yake angesema hapana, maana amekula naye sahani moja tangu utotoni na anajua nani alikuwa anamaliza nyama.

Tarehe 25 ikafika. Simu imezimwa. Tarehe 26 nikampata, akasema, "Shemeji, leo kwenu si ni sikukuu ya Liberesheni? Sikutaka kuwasumbua mkipumzika." Mkenya mzima, amekumbuka sikukuu yetu kuliko sisi. Tarehe 28 akasema yuko njiani, na njia yenyewe ukivuka geti ni mwendo wa dakika ishirini kwa mguu. Mimi huku usiku silali, nageuka tu, Mama Nabwire ananiuliza una malaria, nasema labda.

Jana akaja. Nataka niseme ukweli, alileta zote, 14,000, noti mpya, na jogoo juu. Nilimkumbatia yule mtu. Nikakaa nikapiga kikalkuleta kwa furaha, nikabonyeza 14,000 mara reti ya jana, na reti ya jana ilikuwa 27. Ikaja 378,000. Nikabonyeza tena labda kidole kimeteleza. 378,000. Mtu ninayetangaza reti kutwa nzima, mpaka ndotoni, nilikuwa nimesahau kwamba inashuka na kwangu pia. Kama hela ingekuwa mfukoni mwangu ningeiona inateleza nikaigeuza mapema, lakini nitaigeuzaje iko ng'ambo, imeshakuwa sare na daftari za mtoto wa shemeji?

Nikafikiria kuongezea kimyakimya. Ndugu yangu wa Kampala alikuwa amenitumia elfu hamsini kwenye simu, lakini kutoa napo kuna ada ya wakala na ile nusu asilimia ya kodi, halafu hiyo elfu hamsini ilishaandikwa kwenye daftari tangu asubuhi, kwa sababu meseji ilipoingia simu ilikuwa inachajiwa jikoni.

Kwa hiyo jioni nikaweka 378,000 mezani, na jogoo. Mama Nabwire akahesabu mara moja. Akafungua daftari, akarudi kurasa za nyuma, akaweka kidole kwenye 392,000, akakisogeza kwenye ile 28 ya pembeni, akaniangalia. Jogoo akawika, mjinga, saa moja ya usiku.

"Ndugu yangu alikuja lini?" akauliza.

Mimi nikasema ndugu yako yupi. Akasema, "Huyu jogoo ni wa mama yangu. Namjua mguu."

Akachukua rula. Akapiga mstari. Akaandika: hasara ya reti, 14,000, Baba Nabwire, halafu akagawanya kwa mia tano za jioni, akanionyesha jibu. Siku ishirini na nane. Stori nitazisikia kwa mbali mpaka mwezi wa tatu.

Asubuhi hii nimeamka mapema kwa heshima, nimefagia uani, nimemwagia jogoo mtama, nikauliza kwa upole kama kuna chai. Akasema chai ipo kwenye sufuria. Nikafungua mtungi. Leo ni Jumanne, sukari iko Ijumaa.