Kabla Hamjaukata Huo Mti

Jumapili baada ya ibada tulikaa kikao cha viongozi na nilitoka pale moyo umeniuma, leo ni Jumanne bado sijatulia, kwa hivyo wacha niandike. Kuna kijana wetu wa kwaya, sitamtaja, aliingia kwenye unga, yaani heroini, akatoka, akarudi, na sasa hii ni mara ya tatu. Mmoja wetu akasimama na Biblia mkononi akasema mti usiozaa dawa yake ni shoka, tumtoe kabla hajaharibu wengine. Watu wakaitikia. Na mimi nilinyamaza, hilo ndilo linaniuma zaidi.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata nguo za kanisa, nilienda nyuma moja kwa moja kwa mlimau wangu.

Huo mlimau niliuotesha kwa mbegu huku Kisauni, Mombasa, ukakaa miaka mitatu majani tu, tena majani yenyewe ncha zimekauka rangi ya kahawia kama umepitiwa na moto. Nilishamwambia mume wangu alete panga. Kila jioni namwagilia, nauombea kabisa, hauna habari. Jirani yangu ni bibi mmoja Muislamu, mtu mzima, amelima tangu utotoni, akachungulia juu ya ua akaniuliza maji natoa wapi. Nikamwambia ya kisima. Akasema, "Mwanangu, huu mti waunywesha bahari."

Wa huku mnavijua visima vyetu, maji ya kufulia sabuni haitoi povu, na milimau na michungwa haistahimili chumvi, ikizidi kwenye udongo majani yanaanza kuungua kutoka nchani. Miaka mitatu naulaumu mti, kumbe mkono unaoumaliza ni huu wangu, tena kwa bidii, tena kwa maombi. Nikaanza kukinga maji ya mvua kwa pipa, kiangazi nikawa nanunua mtungi wa maji matamu kwa mkokoteni, na mwaka uliofuata haukuzaa pia. Wa pili yake ndio ulitoa maua, nikapata malimau manne.

Hapo ndipo Luka 13 iliponifungukia. Ule mfano wa mtini tumeusoma kama vile mwenye kazi pale ni shoka. Usome tena polepole. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu hapati tunda, anataka ukatwe, na mtunza shamba anauombea mwaka mmoja zaidi, ila hasemi tungoje tuone, anasema ataupalilia, atautilia samadi. Yeye mwenyewe. Anaomba kuongezewa kazi! Kwa hivyo sisi tunaosema "tumpe muda, tumuombee" halafu hatushiki jembe wala ndoo, muda gani huo tumempa?

Na samadi ni kazi chafu jamani. Ya mbuzi naiendea mbali, naileta kwa tuktuk, mikono inanuka siku mbili hata ukiisugua kwa ndimu. Halafu haiwekwi mbichi. Niliwahi kuweka ya kuku ikiwa mbichi kwa miche ya pilipili, siku chache tu yote imenyauka, manake ikiwa mbichi ina ukali unaounguza mizizi, lazima uirundike, ukae nayo, uigeuze, mpaka joto lishuke na harufu ibaki ya udongo. Sasa fikirieni nasaha tulizompa yule kijana. Siku ile ile tuliyosikia ameanguka tulimzunguka watu saba, kila mmoja na mstari wake na ukali wake, mamake amekaa kando analia kwa leso. Zote zilikuwa mbichi. Na wiki ya pili hakurudi mtu, mimi pia sikurudi. Hapa hapa Kisauni kuna kliniki ya methadone, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, ni ya kufuata kila siku, na katika sisi wote hakuna aliyejitolea kumsindikiza hata asubuhi moja.

Nendeni Haller Park pale Bamburi muone. Palikuwa machimbo ya simiti, jiwe tupu jeupe linachoma macho, na 1971 mtaalamu wa kilimo Rene Haller alipoanza kupanda miti pale, aina nyingi zilikufa, mivinje ikashika. Hata hapo majani ya mivinje yakawa yanaanguka yanalala tu hayaozi, udongo haupatikani, mpaka wakaletwa majongoo wakayatafuna, na kinyesi chao ndicho kikasaidia kufanya udongo. Majongoo, hawa hawa tunaowaruka njiani mvua ikinyesha. Leo pale ni msitu, kuna twiga na viboko, watoto wa shule wanashushwa na mabasi kuja kuangalia. Hakuna aliyelikemea lile shimo kwa jina lolote likageuka siku moja.

Nakubali mwaka una mwisho, mtunza shamba mwenyewe alisema usipozaa ukatwe. Na wale ambao kijana huyu aliwaibia vitu vyao wameibiwa kweli, wana haki ya kukasirika, funguo za stoo asipewe. Sawa. Lakini mfano unaishia hapo, Yesu hatuambii kama ule mti ulizaa au la, anatuacha na mtu ameinama anachimba.

Kikao kinaendelea Jumapili hii baada ya ibada ya pili. Nitasimama, sitanyamaza tena, nitaomba mwaka mmoja na daftari la zamu, na jina langu liandikwe la kwanza, asubuhi za Jumatatu na Alhamisi. Kesho jioni naenda kwa mamake. Naenda kukaa naye tu, sibebi Biblia. Wa kwaya mnaotaka kuja, nitakuwa stejini saa kumi na moja.